Maandalizi ya Uzee: Majirani Zetu Wanatufundisha Nini?

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na katika zile zinazopakana nazo, mtu akiulizwa ni nani atakayemtunza atakapozeeka, jibu lake la kwanza huwa ni watoto. Jibu hilo si la kubezwa. Kwa vizazi na vizazi wazee wetu walikula jasho la watoto wao, wakaishi katika miji yao wenyewe, wakaheshimiwa, na wakazikwa kwa heshima. Shamba lilikuwa ndiyo akiba, na ukoo ndiyo bima.

Lakini mambo yamebadilika. Kijana wa leo huenda akawa mjini katika chumba cha kupanga, ana watoto wake wanaodai ada na sare, na kipato chake hakitoshi hata kufika mwisho wa mwezi. Si kwamba hampendi mzazi wake. Uwezo ndio haupo. Kwa upande mwingine, maradhi ya UKIMWI yaliwaondoa wazazi wengi waliokuwa katika umri wa kufanya kazi, na huko Uganda, Kenya, na kwetu katika mkoa wa Kagera, bibi na babu waliotarajia kupumzika wakajikuta wanalea upya wajukuu. Badala ya mtoto kumtunza mzee, mzee akarudi kumtunza mtoto.

Wakati huo huo, watu wanaishi miaka mingi zaidi. Umoja wa Mataifa humhesabu mtu kuwa mzee afikapo miaka 60, na Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 hutumia umri huo huo. Mtu aliyekwisha kufika miaka 60 katika nchi zetu anaweza kutarajia, kwa wastani, miaka mingine 15 au zaidi. Hiyo ni miaka mingi ya kula, kuvaa, kujitibu na kulala mahali pazuri. Swali lililopo ni hili: miaka hiyo itagharimiwa na nani, na itatumiwa kufanya nini?

Hebu tuwatazame majirani zetu, tuone wamelijibuje swali hilo, na sisi tujifunze nini.

Tuanze na Kenya. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 57, inatamka kwamba mzee ana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zake na kutoka kwa Dola. Yafaa ikumbukwe kuwa ibara hiyo haikuliacha jukumu kwa serikali peke yake, wala kwa familia peke yake. Kutokana na wajibu huo, tangu mwaka 2018 mpango unaoitwa Inua Jamii umefunguliwa kwa Wakenya wenye umri wa miaka 70 na zaidi ambao hawapati pensheni nyingine, na kila mmoja amepangiwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizo zimewasaidia wengi kununua unga na dawa. Hata hivyo, mara kadhaa malipo yamechelewa kwa miezi, na mzee aliyekopa dukani kwa kuzitegemea amejikuta katika aibu.

Kwa wale wenye mishahara, Kenya ilikuwa na mfuko wa hifadhi ya jamii tangu mwaka 1965. Lakini kwa miaka mingi mchango wa mfanyakazi ulisimama katika shilingi 200 tu kwa mwezi, na mwajiri naye shilingi 200. Tufanye hesabu. Shilingi 400 kwa mwezi ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Hata kama mtu angechangiwa hivyo miaka 30 mfululizo, jumla yake, kabla ya faida, ni shilingi 144,000. Nani anaweza kuishi uzee wake wote kwa fedha hizo? Ndiyo maana sheria mpya ikapitishwa mwaka 2013, ikitaka mfanyakazi achangie asilimia 6 na mwajiri asilimia 6. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa takriban miaka kumi, na makato mapya yakaanza Februari 2023. Kwa vyovyote mtu atakavyoiona kesi hiyo, miaka kumi ilipita wafanyakazi wakiendelea kuweka kiasi kile kile kidogo, na miaka ya akiba ikipotea hairudi.

Liko funzo jingine kutoka Kenya, nalo linawahusu wale wasio na mwajiri. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa pensheni kwa ajili ya mafundi wa jua kali, wachuuzi na wengineo, ukapewa jina la Mbao. Katika lugha ya mitaani ya Nairobi, mbao ni shilingi 20, na hicho ndicho kiasi ambacho mwanachama aliombwa akiweke kila siku kwa njia ya simu. Wazo hilo lilikuwa zuri, kwa kuwa lilitambua kwamba fundi hapati mshahara wa mwezi bali hupata riziki yake ya siku. Tatizo la mipango ya namna hii ni moja nalo ni kubwa: hakuna mtu wa kumkata fundi. Siku kazi ikiwa nzuri anaweka. Siku mtoto akiugua haweki. Na asipoweka wiki mbili, husahau kabisa. Kumbe kuandikishwa si kuweka akiba. Akiba ni mazoea.

Sasa twende Uganda. Huko serikali ilianza kuwapa wazee ruzuku ya shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, kwa majaribio, katika wilaya chache, baada ya kuidhinishwa mwaka 2010. Mwanzoni wengi waliolipwa walikuwa na miaka 65 na kuendelea, na huko Karamoja, ambako maisha ni magumu na umri wa kuishi ni mfupi, miaka 60. Mpango ulipotandazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2020, fedha hazikutosha, na wazee wapya wakaambiwa wawe wamefika miaka 80. Zaidi ya miaka kumi baada ya kuanzishwa kwake, ruzuku hiyo ilikuwa bado shilingi 25,000 zile zile, ingawa bei ya chumvi, sabuni na sukari haikusimama kuingoja.

Pia huko Uganda lilitokea jambo ambalo kila mmoja wetu afaa alizingatie. Wako wazee waliokosa ruzuku yao si kwa sababu hawajazeeka, bali kwa sababu kitambulisho chao cha taifa kilionyesha mwaka wa kuzaliwa usio sahihi, au hawakuwa nacho kabisa. Mtu amejikongoja kwa fimbo hadi kituo cha malipo, kila amwonaye anajua kuwa ni mzee, lakini karatasi inasema bado. Ofisi husoma karatasi, haisomi mvi. Basi kuandaa uzee ni pamoja na kuhakikisha kwamba jina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana katika cheti, kitambulisho, mkataba wa kazi na kitabu cha benki, na kurekebisha makosa mapema, wakati miguu bado ina nguvu za kwenda na kurudi ofisini.

Kwa wafanyakazi wa mishahara, Uganda ilirekebisha sheria yake mwaka 2022. Waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja, wakatakiwa kuchangia. Na mwanachama aliyefika miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 akaruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Zambia nayo ilipitisha utaratibu unaofanana na huo mwaka 2023. Serikali hizo mbili zilisikia kilio cha wafanyakazi waliosema kwamba fedha zao zinawangoja uzeeni ilhali wao wana shida leo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tusisahau kuwa kinachochukuliwa leo hakizai tena. Aliyekitumia kumalizia nyumba amehamisha akiba kutoka mfuko hadi ukutani. Aliyekitumia kwa sherehe amekula uzee wake akiwa bado kijana.

Huko Zambia kuna jambo jingine la kusifiwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2016 yaliweka sharti kwamba mstaafu asiyelipwa mafao yake siku yake ya mwisho ya kazi ataacha kazi, lakini jina lake litabaki katika orodha ya mishahara, naye ataendelea kulipwa kwa mshahara wake wa mwisho mpaka mafao yatakapotoka. Maana yake ni kwamba gharama ya ucheleweshaji inamwangukia mwajiri, haimwangukii mzee. Kila aliyewahi kuona wastaafu wakilala katika vibaraza vya ofisi, wakiwa na bahasha zilizochakaa mikononi, atatambua uzito wa sharti hilo.

Rwanda ilichukua njia yake. Mwezi Desemba 2018 ilizindua mpango wa akiba ya muda mrefu uitwao Ejo Heza, maana yake kesho iliyo njema. Mkulima, mchuuzi, mwendesha pikipiki, hata mwenye ajira, aweza kujiunga na kuweka kiasi chochote kwa simu ya kawaida ya mkononi. Ili kuwavuta wenye kipato kidogo, serikali iliahidi kuwaongezea kitu juu ya akiba yao katika miaka ya mwanzo, mradi wao wenyewe wameweka. Kwa wenye mishahara, mchango wa pensheni ulipandishwa Januari 2025 kutoka jumla ya asilimia 6 hadi asilimia 12, nusu kutoka kwa mfanyakazi na nusu kutoka kwa mwajiri. Hapana shaka makato hayo yameuma. Lakini pensheni isiyochangiwa vya kutosha ni ahadi isiyo na mwenye kuitimiza.

Baada ya kuwatazama majirani, haifai tujisahau wenyewe. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika bajeti yake yenyewe, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Huku Bara, mifuko ya pensheni iliunganishwa mwaka 2018 ikabaki miwili, mmoja wa watumishi wa umma na mwingine wa sekta binafsi. Hapo ndipo yalipozuka yale mabishano makali kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukadiria mafao. Wafanyakazi waliozoea kulipwa nusu ya mafao yao kwa mkupuo waliambiwa watapata asilimia 25. Utaratibu huo ukasitishwa Desemba 2018. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33. Na mwaka 2024 kiwango kikapandishwa tena hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu hapo zamani.

Mjadala huo ulikuwa wa haki, lakini ulifunika jambo moja. Mkupuo si zawadi wala si nyongeza. Ni sehemu ya pensheni ya mtu iliyolipwa mapema. Mkupuo ukiwa mkubwa, pensheni ya kila mwezi huwa ndogo. Na wengi wetu tumewaona watumishi waliopokea mamilioni wakiwa na miaka 60, wakanunua gari la abiria au wakafungua duka, ilhali katika maisha yao yote hawajawahi kuendesha biashara hata ya genge. Miaka miwili baadaye gari liko juu ya mawe na duka limefungwa. Biashara ya uzeeni yapasa ianze kabla ya uzee, kwa udogo, wakati mshahara bado unaingia na makosa bado yanaweza kusahihishwa.

Ndugu msikilizaji, sasa tuje katika hesabu ya mtu wa kawaida. Chukua fundi wa miaka 30 anayeweka shilingi 1,000 kila siku ya kazi, kwa siku 300 za mwaka. Kwa mwaka atakuwa na shilingi 300,000, na akifika miaka 60 atakuwa na shilingi milioni 9, tukiacha faida. Akitumia shilingi 10,000 kwa siku, fedha hizo zitamfikisha siku 900, yaani chini ya miaka miwili na nusu. Isitoshe, bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, huongezeka maradufu katika muda wa miaka 14 hivi. Katika miaka 30, kinachonunuliwa leo kwa shilingi 10,000 kitadai zaidi ya shilingi 40,000.

Hesabu hiyo isimkatishe mtu tamaa. Inatufundisha mambo matatu. Kwanza, fedha za kufichwa chini ya godoro huliwa na bei; akiba lazima iwekwe mahali inapozaa faida, kama vile katika mfuko unaosimamiwa kisheria, hati fungani za serikali, au chama cha akiba na mikopo chenye hesabu zinazokaguliwa. Pili, anayeanza na miaka 30 humshinda sana anayeanza na miaka 50, kwa kuwa faida nayo huzaa faida. Tatu, fedha taslimu peke yake haitoshi. Inahitaji kusaidiwa na nyumba isiyo na kodi ya kulipa, shamba la miti au matunda, na mifugo michache. Mzee mwenye paa lake, migomba yake na ng'ombe wake wa maziwa anahitaji fedha kidogo kuliko yule anayenunua kila kitu.

Hapa sharti tuguse jambo zito. Mali ya mzee inaweza kumgeukia ikawa hatari kwake. Katika kaunti ya Kilifi, huko pwani ya Kenya, wazee wamekuwa wakituhumiwa uchawi na kuuawa, na mara nyingi chanzo kinapotafutwa hukutwa ni ugomvi wa ardhi ndani ya ukoo. Wako wazee waliokimbilia mahali pa hifadhi kama Kaya Godoma, na wengine wamefikia hatua ya kupaka mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane wamezeeka. Tusiwanyooshee kidole majirani. Kwetu katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka yote waliyowapikia watoto wao.

Dhidi ya unyama huo, ulinzi wa kwanza ni sheria na elimu. Lakini kuna ulinzi ambao mtu aweza kujiwekea mapema: kuweka wazi mambo ya ardhi akiwa na akili timamu na sauti yenye nguvu. Mipaka ipimwe. Hati iandikwe. Wosia uandikwe mbele ya mashahidi na uhifadhiwe mahali salama, na watoto wote, wa kike na wa kiume, waambiwe nani atapata nini na lini. Wengi huogopa wosia wakidhani kwamba ni kujiitia kifo. Kinyume chake, jambo lililofichwa ndilo huzaa chuki. Lililosemwa hadharani hukosa wa kulipigania gizani.

Mwisho, kuna suala la mwili na shughuli. Mtu hawezi kununua afya akiwa na miaka 65 kwa fedha alizozipata kwa kuiharibu akiwa na miaka 40. Shinikizo la damu na kisukari huanza kimya kimya katika umri wa kati. Kupimwa mara kwa mara, kutembea kwa miguu, kupunguza chumvi, pombe na tumbaku ni sehemu ya pensheni ya mtu kama zilivyo fedha zake. Na kujiunga na bima ya afya kabla ya maradhi ni hekima, kwa maana mvua ikishaanza kunyesha si wakati wa kuezeka.

Na kustaafu kazi si kustaafu maisha. Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali ya nchi hiyo kufuta karo za shule za msingi, akavaa sare na kukaa na watoto wadogo ili ajifunze kusoma. Huko Zimbabwe, jirani wa jirani yetu Zambia, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi 14 wa kitongoji cha Mbare mjini Harare namna ya kuwasikiliza watu wenye huzuni na msongo wa mawazo. Bibi huketi na mgonjwa katika benchi la mbao nje ya zahanati, wakazungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utu uzima wa bibi wale ndio uliokuwa chombo chao cha kazi. Hivi sisi, katika vijiji na mitaa yetu, tuna wauguzi, walimu, mafundi na makatibu wastaafu wangapi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanaweza kufanya nini?

Hivyo basi, somo la majirani zetu liko wazi. Ruzuku ya serikali ni haki ya mzee na inapaswa kulipwa kwa wakati, lakini popote ilipo ni ndogo, na huchelewa kufika, kwa miaka na kwa miezi. Watoto ni baraka, lakini nao wana mizigo yao. Pensheni ni nzuri, lakini walio wengi katika nchi zetu hawana mwajiri wa kuwachangia. Inapasa vitatu hivyo viungane na cha nne, ambacho ni maandalizi ya mtu mwenyewe.

Wale tulio katika miaka ya thelathini tunapenda kudhani kwamba habari hii inawahusu wazazi wetu. Ukweli ni kwamba kwa wazazi wetu muda wa kujiandaa umekwisha; wao sasa wanahitaji kutunzwa. Muda uliobaki ni wetu, nao unapungua kila siku ya malipo inayopita bila kuwekwa kitu.